Moja kwa Hamsini

Mchana natengeneza meno.
Kibanda changu kiko nyuma ya soko, hapa Nakuru,
kati ya fundi saa na muuza mbegu,
na fizi za watu nazijua kuliko sura zao.
Usiku, kwa tupa ileile, kwa nta ileile,
natengeneza injini ya mvuke.

Moja kwa hamsini.
Mita ya reli ikawa milimita ishirini,
upana wa meno mawili ya mbele na ushee.
Dereva akaishia pingili ya pili ya kidole changu.
Magurudumu ishirini na nane, nimeyahesabu
kama mama ahesabuvyo vifaranga jua likizama.
Ribiti mia nane na kumi na mbili,
kila moja tone la nta ncha ya sindano.
Rangi: damu ya mzee.

Wiki tatu nilizozana na dohani
kwa ajili ya nusu milimita.
Mume wangu Wekhomba akaguna kitandani:
nusu milimita, nani ataiona?
Nikamwambia, jino likizidi nusu milimita
mtu hali ugali, analala na uji.

Lakini yapo yasiyokubali kupunguzwa.
Maji, kwa mfano. Tone halijui hamsini.
Ndani ya boila ya ukubwa wa mkebe wa majani ya chai
tone ni tone, zito, kaidi,
na mvuke ukipata upenyo
hupiga chafya, haupigi honi.
Mlima nao: kupanda Mau mezani kwangu
ni kuweka kitabu kimoja chini ya ubao.

Alhamisi akaja Zablon Oluga, pengo juu, pengo chini.
Nikamjaza kinywani unga wa kupimia, wa waridi,
nikamwambia, usitikisike, usinene, dakika tatu.
Hapo ndipo macho yake yalipofika kwenye rafu.
Akanyosha kidole. Akatoa sauti ya puani.
Akakunja kidole, akakinyosha tena,
machozi au mate, sikujua, yakimshuka kidevuni,
na mimi nikiishika taya yake kama komeo.

Nilipoutoa ule unga, hakutema hata mate.
"Kiraka kiko wapi?"

Ubavu wa kushoto, akasema, tangi la mbele, chini.
Mwamba ulitukwaruza karibu na Koru mwaka wa mvua ile,
karakana wakashona bati juu ya bati.
Yeye alikuwa mchocheaji; miaka sita
kila akitoa kichwa nje kupunga hewa
kiraka kilikuwa pale, kama jirani.

Nikafungua michoro ya kiwandani,
mistari myembamba, isiyo na kutu, isiyo na Koru.
Akaitazama kwa adabu.
"Hii ni siku iliyozaliwa," akasema.
"Mimi siku hiyo sikuwapo."

Kikubwa kiasi gani?
Akainua mikono, akaiachanisha hewani.
"Hibi," kwa fizi tupu.
Nikachukua kalipa ndefu. Sentimita arobaini.
Arobaini na tatu. Arobaini na moja.
Mikono ya miaka themanini haisimami.

Usiku nikafanya hesabu. Sentimita tatu za kutetemeka
ukizigawa kwa hamsini
ni milimita sifuri nukta sita.
Nikacheka peke yangu, Wekhomba akageuka upande wa ukuta.

Kiraka nimekikata kwenye bati la mkebe wa siagi,
upana wa gego. Kimepinda kidogo.
Nilikishika kwa koleo nikitaka kukinyosha,
nikakiacha.

Jana Zablon amekuja kuchukua meno yake,
kazi yangu pekee ya moja kwa moja, isiyogawiwa na kitu.
Akayavaa, akainama mbele ya rafu muda mrefu,
akainua mikono tena, safari hii karibu zaidi.
"Hivi," akasema, kwa v safi kabisa.
Kisha akayatoa, akayatazama kiganjani.
Yamezidi, akalalamika. Haya meno ni makubwa.