Risiti

Alikuja bure, pamoja na kitanda cha mninga tulichonunua Keko.
Fundi alimtoa chini ya meza ya randa, mdogo, kajaa maranda masikioni,
akasema: risiti sina, chukueni huyu.
Ndivyo alivyopata jina.

Miaka kumi na miwili baadaye, kliniki ya mifugo, Temeke,
Daktari Ngaiza anashikiza picha ya kifua kwenye kioo cha dirisha
(taa ya kuitazamia imeungua tangu Pasaka)
na kwa ncha ya kalamu anazungushia doa
jeupe, kubwa kama korosho.

Mnapikia nini?
Mkaa, nikasema. Gesi ikiwepo, gesi. Lakini gesi huisha.
Mbu mnawafukuzaje?
Kwa ile dawa iliyojikunja kama konokono.
Naiwasha sakafuni, maana sakafuni ndiko mbu wanakojificha.
Sikuwahi kufikiri nani mwingine analala huko.

Takataka?
Hapo nikapata nguvu.
Gari la taka likikosa wiki mbili, jirani yetu Chambuso
huchoma nyuma ya ukuta: chupa, nepi, tairi la baiskeli.
Nikaona nimemkamata mshitakiwa.
Nikaongeza malori ya Barabara ya Mandela,
nikaongeza paa la asbesto kule Mabibo tulikopanga kwanza,
nikaongeza vumbi la Keko, la utotoni mwake,
hata udi wa mpangaji wa chumba cha uani, Mungu anisamehe.
Daktari aliandika yote bila kunitazama,
kama muuza duka anayejua mteja hatalipa.

Kisha akalaza kalamu.
Na sigara?

Risiti, pale mezani, akageuza kichwa kumtafuta mume wangu.
Sifuni alikuwa anatazama viatu vyake.

Mbwa hana pakiti, daktari akasema, wala kiberiti,
ila pua yake iko kule moshi unakotua,
na jioni huyalamba manyoya yake
pamoja na kilichoyagandia.
Pua ndefu huenda ikachuja kidogo. Huenda.
Wengine huugua nao hawajawahi kukaa na mvutaji.
Umri nao umo. Ukoo nao, na ukoo wa huyu nani anaujua?
Mama, siwezi kukwambia ni hiki.

Nilitaka aniambie ni hiki.

Maana mimi ndiye niliyesema,
mwaka ule mjukuu alipoanza kubanwa kifua:
moshi wako ukavutie nje.
Na Sifuni, asiyenisikia kwa lolote, akasikia.
Akachukua kigoda, akaenda ukutani, karibu na tangi la maji.
Risiti akaamka mlangoni pangu, akajinyoosha,
akamfuata.
Kila jioni. Miaka saba.
Kidevu juu ya kandambili ya yule bwana,
upande uleule upepo ulikoelekea.

Mjukuu alipona.

Kwenye fomu, palipoandikwa Sababu,
daktari alijaza: haijulikani,
kwa mwandiko safi kuliko wa ukurasa wote.
Tulilipa elfu sitini. Tukapewa risiti, ya karatasi.
Sifuni akaikunja mara nne, akaitia kwenye pakiti
iliyobaki na sigara tatu.

Siku hizi anakaa kwenye kigoda kilekile
na moja vidoleni, haiwashi.
Anaizungusha tu, kama mtu aliyeulizwa jambo
akasahau aliulizwa nini.
Mbwa anamtazama mkono, anangojea aanze,
hajui jioni bila harufu ile inaanzia wapi.
Chambuso anachoma zake ng'ambo ya ukuta.
Sijaenda kumgombeza. Ningemwambia nini?

Usiku, kikohozi. Kikavu, kifupi,
halafu kingine kinakijibu.
Nainua kichwa kwenye kitanda cha Keko,
nazuia pumzi yangu
nisikie kipi ni cha nani.