Mshono wa Ndani

"Vua sidiria, mkufu, na hirizi kama unayo,"
kijana wa eksirei akasema bila kuniangalia.
Ubao wa baridi kifuani. Vuta pumzi. Ibane. Usitikisike.
Miaka thelathini, Buguruni, nimewaambia hivyo wateja,
futi kamba shingoni, pini mdomoni:
simama wima, mama, usibane tumbo.

Dakta Mbonea akaibandika picha kwenye taa.
Nikamtangulia kuisoma.
Mshono umevuta kulia, nikasema.
Akacheka, kisha akanyamaza,
akaweka kalamu kwenye pingili ya tisa:
"Hapa ndipo unapopinda. Tangu lini?"
Tangu cherehani. Ile ya kukanyaga.

Mbavu za kulia zimeachana
kama vidole vya mtu anayehesabu deni;
za kushoto zimebanana, hazipishani.
Kumbe ndiyo maana usiku nikijigeuza
kinanichoma kitu hapa, chini ya ziwa,
nami mwezi mzima nameza vidonge vya moyo
vya shoga yangu Chausiku!

"Lakini maumivu yenyewe," akasema, "humu hayamo.
Hii ni mifupa tu."
Nikamwelewa. Gauni likiwa kwenye hanga
halisemi linambana nani.

Nimepandisha kiti kwa mto. Mshono huu haufumuliwi.
Picha nimeiegemeza dirishani,
nyuma ya mifupa yangu kanga za jirani zinakauka.
Mjukuu anahesabu mbavu kwa kidole chenye mafuta ya maandazi,
anapotea kwenye ya nane,
anaanza upya.