Alama ya Jumanne

Saa mbili asubuhi hapa Võru, na usiku bado umekaa kitako
kama mgeni asiyejua kuaga.
Baiskeli yangu haijaenda popote tangu Novemba.
Gurudumu la nyuma nimelibana kwenye roli ya chuma
chini ya jengo letu, ndani ya ghala la viazi,
mkabala na rafu ya Bibi Salme:
matango ya siki, uyoga, jamu ya beri nyeusi.
Napiga pedali, nabaki palepale.
Dakika ya arobaini ukuta unaanza kutoka jasho pamoja nami,
na mtungi wa tatu kutoka kushoto
umeshakuwa kilele. Sijaufikia mpaka leo.

Mlangoni tumebandika karatasi, Heldur na mimi.
Safu mbili: H yake, V ya Virve.
Siku ukitoka jasho, unachora mstari mmoja wa wino.
Basi. Hakuna kilomita, hakuna mapigo ya moyo.
Yeye anaendesha katapila la kusukuma theluji,
mimi nachonga meno ya bandia.
Agosti tutaogelea, tutaendesha, tutakimbia
na vijana wenye baiskeli ghali kuliko gari la Heldur.
Agosti! Neno hilo nikilitamka hapa chini
linatoka na mvuke.

Usiniulize hamu inatoka wapi.
Sijawahi kuiona ikija yenyewe.
Alhamisi alfajiri nafika bwawa la manispaa nimeinunia dunia,
natoka na nywele mbichi, na kabla sijavuka barabara
zimekuwa vijiti, zinagongana masikioni.
Jumamosi nakimbia juu ya ziwa,
viatu vya misumari, barafu ikinguruma chini
kama tumbo la mtu aliyefunga.
Ziwa hilihili. Agosti litanimeza hadi mabega;
sasa nalikanyaga utosini, wala halisemi kitu.

Sasa nikuambie ya Jumanne.

Jumanne jioni nilishuka. Nilivaa viatu, nikajaza chupa maji,
halafu nikaketi juu ya gunia la viazi
nikaitazama baiskeli, nayo ikanitazama,
mpaka taa ya ngazini ikajizima.
Nilikaa gizani, sijui muda gani.
Sikuwa mgonjwa. Sikuwa na huzuni ya kusimulia.
Nilichoka tu kutofika.
Nikiondoka nikapapasa kalamu,
nikachora mstari kwenye safu yangu,
mstari ulionyooka kuliko yote.

Usiku ule theluji ilimwagika bila kupumua.
Usingizi ulinikimbia, nikasimama dirishani,
nikaiona taa ya chungwa ya katapila la Heldur
ikienda na kurudi, ikienda na kurudi,
tangu jioni hadi kukapambazuka.
Asubuhi, karatasini, Jumanne ya Heldur ilikuwa na mstari.
Na chupa yangu, niliyoisahau juu ya gunia,
niliikuta mlangoni kwangu,
imejaa mpaka shingoni.

Mistari miwili ya uongo, bega kwa bega.
Hakuna aliyefungua mdomo.
Jumatano nilipiga pedali saa nzima na dakika kumi,
na chini ya roli yake, sakafuni,
nilikuta matone ambayo hayajakauka.

Mwisho wa Machi barabara ikafunguka:
lami nyeusi, chumvi, tope la theluji likiturukia menoni.
Tulikwenda hadi Munamägi, Mlima wa Yai,
mlima mrefu wa nchi isiyo na milima.
Nilikuwa nimesahau kwamba upepo unatoka mbele,
kwamba miti inapita, inabaki nyuma.
Katikati ya mpando Heldur akasimama juu ya pedali,
akanipita bila kunitazama.
"Huu wa Jumanne," akasema.

Nikabadili gia.
Dawa ya deni naijua.