Nyekundu ya Mihambo

Seva ya chama chetu cha asali, hapa Tabora,
huandika usiku kucha: mistari meupe juu ya weusi,
elfu kwa elfu, kama siafu,
hujui yupi kabeba nini.

Jana nikapakia programu ya rangi.
Amri moja, nenosiri, ndiyo,
umeme ukakatika.
Nikangoja jenereta la mashine ya kusaga,
nikaanza upya.

Hitilafu, nyekundu. Onyo, manjano.
Iliyo salama, kijani kama jani la tumbaku.
Na pale, saa nane na dakika saba, kila usiku,
tone jekundu:
mizani ya Sikonge yapiga hodi, haifunguliwi.
Miezi mitatu! Nami nilidhani nasoma.

Nikamwita Mihambo wa zamu. "Waona?"
Akainama, akakuna kidevu.
"Dada Nyamizi, nyekundu na kijani
kwangu ni mapacha. Tangu shule.
Sijamwambia mtu."

Nikafungua faili la mipangilio,
nikafuta nyekundu niliyoipenda,
nikaweka buluu, herufi nene, mstari chini yake.

Akasoma saa. Akasoma Sikonge.
Akachukua ufunguo wa pikipiki.