Kiwanda Kimefungwa

Daktari Przybylska alichora sikio kwenye karatasi,
konokono mdogo, na ndani yake nywele
nyembamba kuliko uzi wowote niliowahi kuufuma.
"Hizi zimelala," akasema, "hazitaamka tena."
Akakunja karatasi, akanipa.
Niifanyeje? Niitundike?

Miaka thelathini na mmoja kwenye mashine za kufumia,
kiwanda cha pamba, Łódź, ukumbi namba nne,
mashine mia mbili zikigonga kwa pamoja.
Tulisomana midomo, mimi na Grażyna,
tukimsengenya msimamizi mbele ya uso wake.
Kisha pakafungwa. Sasa pana maduka na sinema.
Mashine ziliuzwa kwa kilo, chuma chakavu,
ila moja ilinifuata nyumbani.

Wasemao kimya kingi kina mshindo
walikuwa na masikio mazima. Walisema kwa mfano.

Mlio huanza taa ikizimwa.
Si nyuki, si birika, si waya wa umeme,
ingawa nimewaambia watu yote matatu
ili wapate cha kuitikia.
Theluji ikianguka ndiyo mbaya zaidi:
mji mzima unazibwa pamba, tramu zinanyamaza,
nabaki mimi nao, wafungwa wawili wa chumba kimoja,
na mmoja haachi kupiga mluzi.

Februari ile niliacha kuchana nywele.
Niliacha kufungua barua. Bitiruti ziliota
majani meupe chini ya sinki, nikaziangalia zikiota.
Sonona haina sauti; ndiyo maana sikuisikia ikiingia.
Ilipita nyuma ya mlio kwa ncha za vidole,
ikavua viatu,
ikakalia kiti cha marehemu Wacław.

Mwanangu alipiga simu kutoka Gdańsk.
"Mama, meza dawa. Mama, zoea."
Sikio la kufa halisikii dawa, sawa,
lakini langu halijafa. Laiti lingekufa!
Linasikia kisichokuwepo, usiku na mchana,
kwa bidii ya mfanyakazi
ambaye hakuna aliyemwambia kiwanda kimefungwa.

Vidonge nilimeza. Vyeupe, asubuhi, nusu kwanza.
Redio niliiweka katikati ya stesheni mbili,
pale inapokoroma kama mvua ya mtaa wa pili.
Vilisaidia kama mkongojo unavyosaidia:
mguu ni ule ule.

Ndipo Kornelia wa ghorofa ya chini,
miaka tisa, ufunguo shingoni, mama yake zamu ya jioni,
alipokula supu kwangu akaniona nimeshika kichwa.
"Unasemaje, huo mlio?"

Madaktari watatu, padri mmoja.
Hakuna aliyewahi kuuliza hivyo.

Nikajaribu kuuimba; sauti yangu haikuufikia.
Akatoa glasi ya divai kabatini, akaijaza maji,
akalowesha kidole, akakizungusha ukingoni.
"Huu?" Juu zaidi.
Akamwaga kidogo. "Huu?" Bado.
Akanywa funda mbili. "Huu?"

Hapo.

Mlio wangu ulikuwa mezani,
kati ya chumvi na mkate, nje ya kichwa changu,
na mtu mwingine akiusikia,
mtu aliyekunja pua na kusema, "Lo, mbaya kweli."
"Mbaya kweli," nikasema,
nikacheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia.

Usidhani ulikoma. Upo hapa nikiandika.
Jana sikuchana nywele. Leo nimechana, upande mmoja vizuri.
Glasi iko rafuni, ina alama ya wino
mahali maji yanapofika,
na siku ninayozidiwa nalowesha kidole,
nautoa nje, nauketisha mezani,
nauambia: kiwanda kimefungwa, nenda kapumzike.
Hausikii.
Namenya viazi, viwili vyangu,
na kimoja zaidi, maana saa kumi na moja
ufunguo utagonga mlangoni, na huo
nausikia.