Sifuri Ikatwe Tumboni

Kurasa mia tatu na kumi na mbili,
shilingi mia kila ukurasa, kwa Makame Shaame,
Chake, pale pa kushukia sokoni.
Pesa ya makonyo: msimu mzima nimechambua karafuu
hadi vidole vikanuka hata ndani ya ndoto.
Mashine yake ilikuwa na kikohozi.
Kila ukurasa iliupiga mstari mweusi,
juu mpaka chini, kama mtu aliyeudhiwa.
"Wino unakwisha," kasema Makame, "lakini maneno yamo."

Maneno yamo.
Sikujua bado kwamba katika elimu hii
maneno si kitu. Kitu ni vile vidudu
baina ya maneno: nuktamkato, mabano,
nafasi tupu ambayo mashine imeila.

Siku tatu programu ilinigomea.
Nilipiga nilichokiona, herufi O,
duara kama bangili.
Kumbe sifuri.
Siku ya nne nikakuta doa,
nikaliheshimu kama nukta ya desimali;
mfanyakazi wa mfano, ukurasa wa themanini na nane,
akalipwa senti mwezi mzima.
Nikacheka peke yangu saa saba za usiku.
Mama, chumba cha pili: "Nani kaja?"

Nikamkumbuka Maalim Mbwana, chuoni Limbani.
Ba nukta moja, chini. Ta mbili, juu. Tha tatu.
"Ukiila nukta umekula neno,
ukiizidisha umezua."
Juzuu zetu zilikuwa matambara, pembe zimeliwa na mchwa,
ila nukta alizirudishia mwenyewe
kwa wino mwekundu, kila Jumatano,
kabla hatujafungua chuo kwenda kucheza.

Basi kikaja kile kingine, skuli, Wete.
Kilikuja kwa hotuba na utepe.
Kikatiwa kabati la kioo,
na ufunguo ukafungwa ncha ya kanga ya Bi Raya.
"Mmenawa?"
Tumenawa.
Karatasi nzito, inateleza,
amri kwa samawati, maelezo kwa kijani,
harufu ya duka la viatu siku mbili kabla ya Idi.
Sitasema uongo, niliupapasa ukurasa.
Sifuri zake, subhanallah, hazikushuku mtu.

Lakini sura ya tano
kitanzi kilichoahidi kuhesabu hadi kumi
kiliishia tisa,
na mwandishi akaongeza, kwa samawati ile ile,
"kama unavyoona."
Tuliona. Darasa zima tuliona.
Hakuna aliyetoa kalamu. Kitabu kizuri namna ile
nani akichafue?

Nyumbani, katika nakala yangu yenye kikohozi,
pambizoni palikuwa na watu.
Wa kwanza, kwa kalamu ya risasi:
"Mstari wa tisa si sawa. Usilie."
Chini yake, mkono mwingine: "Nimelia."
Wa tatu alichora mshale, akaongeza moja,
akaandika: "Ntu akijaribu hivi itakwenda."
Ntu. Mpemba mwenzangu, basi,
aliyekaa na kitabu hiki kabla ya Makame,
kabla ya mashine, sijui mwaka gani, sijui kwa taa gani.
Nilijaribu. Ikaenda.

Juzi nimevuka Unguja na maandishi yangu,
masomo ishirini kwa wanafunzi wangu wa kidato cha pili.
Kijana wa kiwanda cha chapa, Mlandege,
akanitandazia sampuli kama muuza vitambaa.
"Hii inang'aa, mwalimu. Hii wanachukua mawizara."
Nikaishika. Mkono ulinisaliti, ukaipapasa tena.
Nikachukua ile ya bei ya chini, rangi ya maziwa yaliyolala.
"Lakini sifuri," nikamwambia, "ikatwe kijistari tumboni.
Kila sifuri. Hata ya nambari za kurasa.
Na pambizo ziwe pana."

"Pana za nini? Utapoteza karatasi."

"Yuko mtu atakuja kunambia nimekosea."

Akanitazama, akapima kwa vidole viwili.
Nikamwambia vitatu.