Namba Moja

Jumatatu walikuja na viti.
Viti kumi na vinne, vya rangi tatu:
vya trafiki, vya wizi wa majumbani, vya dawa za kulevya,
kila kimoja na mtu wake, na kikombe chake.

Inspekta Thackray hakuketi.
Alisimama dirishani, nyuma yake Mto Tees
na mvua isiyokata shauri,
akatugawa kama mkate wa matangani:
wewe simu, wewe kamera za barabarani,
Lodhi, milango yote ya mtaa, hodi kwa hodi,
wewe kiatu, damu, mifuko ya karatasi na vibandiko vyake.
Pugh, nenda kwa mama yake. Kaa.
Kunywa chai hata kama huitaki.

Mimi sina cheo. Mimi ni faharasa.
Kila jina liingialo chumbani hupita vidoleni mwangu
likatoka na namba.
Muuza chipsi, sabini na moja.
Mwenye mbwa, mia na nne.
Namba moja ni ya marehemu, siku zote:
Callum Threlfall, miaka kumi na tisa,
nyuma ya ghala la mazulia, kiatu kimoja.

Kompyuta ikatuchagulia jina: Operesheni Figili.
Hakuna aliyecheka.
Baadaye, ndani ya lifti, tulicheka wote, tukanyamaza wote.

Tukawa mashine nzuri. Nasema bila kejeli.
Ila shuka lilikuwa fupi: ng'ambo ya mto
bibi mmoja aliyeibiwa pete ya ndoa
alipiga simu kila asubuhi
kwenye dawati lisilo na kiti.

Siku ya tisa mama yake akaja,
vifungo vya koti vimekosana na matundu.
Akauliza: Nani kati yenu aliye na Callum?

Aliye na simu akatazama simu.
Aliye na kiatu akatazama kiatu.
Waliosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi
hawakuuona usufi ukigawiwa watu kumi na wanne.

Nikainua mkono. Sijui kwa nini.
Nikasema, alipenda siki, siki nyingi, chumvi hapana.
Alimshikia mtu mbwa, mvua inanyesha, akiwa hamjui.
Kinyozi alimdai pauni sita, akalipa nane.
Kila Alhamisi alimpigia nyanya yake,
dakika nne, mara chache tano.

Mama akasema:
Hiyo ya siki, kweli.

Mwezi Machi walikamatwa wawili.
Viti vikarudi makwao, isipokuwa kimoja cha trafiki,
mguu umelegea, hakuna anayekidai.

Leo Jumatatu.
Thackray yuko dirishani, viti vinaingia,
kompyuta imetaja mti nisioujua.
Nimefungua faharasa mpya.
Namba moja.
Vidole vimeandika Call
nikafuta, herufi moja moja,
kutoka nyuma.